Farasi wa Artigas na Maji ya Kasika

Mimi yule mzungu wa ukutani sikumpenda tangu siku ya kwanza. Wageni wanaingia kwetu hapa Fridley, Minnesota, wanakung'uta theluji kwenye viatu, na kabla hata hawajavua makoti wanauliza, "Mama Merveille, huyu ni mtakatifu gani?" Nawajibu, "Mwulizeni mwenye nyumba. Mimi niliolewa na mwanamume mmoja, nikajikuta naishi na wawili."

Mwenye nyumba ni Kasika, mume wangu. Nasema "ni" kwa sababu ulimi wangu haujazoea kusema vingine.

Na mzungu ni Artigas, mzee wa pua ndefu aliyefunga mikono kifuani. Kasika alimpata Goma, alipokuwa mpishi kwenye kambi ya askari wa Uruguay waliokuja na Umoja wa Mataifa. Sajini mmoja wa jikoni, siku ya kurudi kwao, alimpa ile picha akamwambia: huyu ndiye baba wa nchi yetu. Baba wa nchi! Wapishi wenzake waliachiwa viatu na mablanketi, wangu akaachiwa baba wa nchi ya watu.

Vita vilipokaribia Goma mwaka 2008 tulikimbia, tukaacha sufuria, godoro na mbuzi. Picha ilikuja, imefichwa ndani ya shati. Merveille hakuja. Hapo ndipo hasira yangu na ile picha ilipoanzia, na sitaificha. Mtoto wetu wa kwanza, ana miaka kumi na mmoja, alikuwa Rutshuru kwa bibi yake, na barabara ya Rutshuru ilikuwa ya risasi tupu. Tulivuka kwenda Uganda tukitazama kila basi linaloshusha watu. Tukakaa kambini, tukamzaa Reine, tukapewa Amerika, na habari ya Merveille hakuna. Tulikuwa tumekwisha kufika Minnesota ndipo simu ikalia: bibi amefariki, mtoto yu hai, amevuka na wakimbizi wengine, yuko kambi ya Rwamwanja, huko huko Uganda. Kasika alitoka nje na soksi, juu ya theluji, akapiga ukelele mpaka jirani yetu wa ghorofa ya juu, Philister, Mkenya ambaye ni nesi, akafungua dirisha akidhani jengo linaungua.

Watu wa huku walimwona Reine tu, basi wakamwita Baba Reine. Aka! Hakuitika. Mchungaji atamwita Baba Reine, atarudia, mwenzako anatazama dari kama anayehesabu taa. "Baba huitwa kwa mtoto mkubwa," alisema, "na mkubwa wangu ninaye." Nilimwambia kiburi kitamuua. Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, kile cha kumfanya mtu asahau alikuwa anagombana juu ya nini.

Siku nzima alisimama kiwandani akifunga mabomba ya sindano za hospitali kwenye maboksi. Jumamosi alirudi kuwa mpishi. Alikata vitunguu, na kila akikata vitunguu alimsimulia Reine habari za Artigas. Reine anaelewa Kiswahili chote ila anajibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote. Bon, walielewana.

"Alikuwa mtu wa ng'ombe na farasi," Kasika anaanza. "Hakuwa bwana wa mjini. Wahispania walikuwa wameikalia nchi, akasimama, akawapiga. Wakubwa wenzake wakaenda wakapatana na Wahispania juu ya kichwa chake. Unajua watu walifanya nini? Walifunga mikokoteni, wakapakia wazee na kuku, wengine wakachoma nyumba zao kwa mikono yao ili adui asizilalie. Wakamfuata mpaka ng'ambo ya mto." Hapo lazima aweke kisu chini. "Reine, unasikia? Nchi nzima ilikuwa wakimbizi, na hakuna aliyeona haya!"

Kisha anaeleza jinsi Artigas alivyorudi na kushika nchi, akaamuru mashamba ya maadui yagawiwe watu, na mwenye dhiki kubwa apewe kwanza: Weusi waliotoka utumwani, Wahindi Wekundu wenyeji wa huko, wajane. Ndipo Wareno wakaja na jeshi, na wale wakubwa wa Buenos Aires, ambao ndio walikuwa wenzake, wakatazama pembeni. Akashindwa. Akavuka mpaka akaingia Paraguay, na huko akakaa miaka thelathini, analima. Nyuma yake nchi ikapata uhuru, yeye hayupo. Wakamwita arudi. Akakataa.

"Kwa nini?" Reine akauliza siku moja, kwa Kiingereza chake.

"Sajini alisema hakuna ajuaye. Mimi nasema mtu harudi nusu. Ama mzima, ama asirudi."

"Ukaidi," nikasema kutoka chumbani. "Wazee wote wakaidi mnafanana."

"Mama Merveille, huyu alikufa kishujaa. Wanasema siku ya kufa aliomba farasi wake. Alikuwa kitandani, mzee kabisa, anasema, nileteeni farasi wangu."

"Waliuleta? Yule farasi?" Reine akauliza, na mara hii kwa Kiswahili, cha kuvunjikavunjika. Nakumbuka kwa sababu baba yake alifurahi mno akasahau kujibu. Baadaye alisema, "Sajini hakuniambia."

Mwaka 2016 figo za Kasika zikakataa. Akawa mtu wa mashine, leo anaoshwa damu, kesho analala, kesho kutwa mashine tena. Alikonda mpaka saa ikawa inamshuka hadi kwenye kiwiko. Lakini kesi ya Merveille, yale maombi ya baba yake ya kumleta Amerika, ilikuwa inakwenda. Alikwisha kuhojiwa, akapimwa, akaambiwa atasafiri Februari. Mimi nikaenda Maple Grove nikamnunulia koti la baridi, la zambarau, nikalitundika mlangoni. Kasika akipita analishika mkono wake, kama anamsalimia mtu.

Mwisho wa Januari serikali mpya ikasimamisha wakimbizi wasiingie nchini. Sitaki kueleza sana, wote mlisikia. Merveille alikuwa amekwisha kugawa sufuria zake kwa majirani kambini.

Na huko kambini kulikuwa na kijana, Ntwali, mwalimu wa shule ya msingi, amemngoja muda mrefu kwa adabu. Wazazi wake sasa walitaka jibu. Shida ni hii, na watu wetu wote wa kesi wanaijua: mtoto akiolewa, kesi inakufa. Mtoto mwenye mume haingii tena kwenye kesi ya baba. Merveille akasema, "Nitafanya atakalosema Papa. Bila baraka yake siolewi na mtu." Wala hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelala.

Baraka ya kwao Kasika haitolewi kwa maneno matupu. Baba anatia maji mdomoni, anayashika kidogo mpaka yapate joto lake, kisha anamnyunyizia binti usoni na kichwani, halafu ndipo anasema. Ndivyo dada zake walivyoolewa. Mimi mwenyewe ndivyo baba yangu alivyonifanya, kwa kuwaheshimu wao, akaniloweshea kitambaa changu cha hariri.

Philister ndiye aliyenivuta pembeni, kwenye ngazi. Yeye kazi yake ni kukaa na watu wanaoondoka duniani, kwa hiyo hazunguki kwa maneno. "Mama Merveille, moyo wake umechoka sasa. Si tumpigie msichana kwa video? Huku kila mtu anafanya hivyo. Harusi kwa video, matanga kwa video."

Nilimpelekea Kasika maneno hayo. Akageukia ukuta. "Baraka haipiti kwenye simu. Atakuja. Nitampa kwa mdomo wangu."

Hapo nilikasirika, jamani. Nilikasirika na miaka yote tisa ya kungoja. "Anakuja na ndege gani? Ya baba yako? Wewe hulindi baraka, unalinda kesi! Ukimbariki umekubali kwamba haji, ndiyo maana unaogopa. Sema!"

Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Huyo Artigas wako," nikaendelea, na nikaenda nikamgonga yule mzee kwenye pua, "aliomba farasi. Nani alimletea? Eti alikufa kishujaa! Alikufa kitandani anaita kitu ambacho hakiji. Unataka Reine awasimulie watoto wake hivyo? Babu yenu alikufa anamwita Merveille, na Merveille amekaa kambini anazeeka, anamngoja babu yenu?"

Nilijua nimepita kiasi. Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda nikalia, na yeye akanyoosha mkono akaushika mguu wangu, kwa sababu ndipo mkono ulipofika. Kisha akasema, "Mama Merveille, hata mimi nimeshawaza. Hakuna mahali sajini aliposema farasi aliletwa." Na baadaye kidogo: "Lete maji. Na simu yangu."

Simu yake. Ningejua ningempa yangu. Ile yake ilianguka kiwandani kioo kikapasuka, akaibandika utepe wa kufungia maboksi akasema nzima kabisa. Kwetu ilikuwa asubuhi, kwao jioni. Merveille alitokea kwenye simu ya katekista, amejifunga kitenge kipya, amepiga magoti juu ya mkeka. Wamama wa kambi walikuwa nyuma yake. Kasika hakuwa amemwona uso kwa uso tangu alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Walikuwa wanazungumza kwa sauti tu, video ilikuwa inakatika kila siku. Siku hiyo haikukatika. Alimtazama mpaka nikaogopa.

"Umekuwa mkubwa," akasema.

"Ndiyo, Papa."

Reine alishika simu. Philister alimwinua mgongo. Nikampa kikombe. Kasika akatia maji mdomoni, akayashika, mashavu yake yaliyokwisha yakajaa tena, nikamwona kijana wa Goma aliyenipeleka dansi. Wote tulidhani atanyunyiza pembeni, hewani, kwa heshima tu. Wapi! Mume wangu hakujua kufanya kitu nusu. Aliinama akapuliza maji yote juu ya kile kioo, moja kwa moja kwenye uso wa mtoto wake.

Simu ikapiga mistari, ikawa nyeusi.

Kasika alikuwa ameanza maneno, "Mwanangu, nenda, uzae, nyumba yako isi..." kisha akaona anaongea na giza. Reine akaikausha kwa sketi yake. Philister akakimbilia mchele wangu, akaifukia simu ndani ya gunia, akisema mchele unanyonya maji, Kenya wanafanya hivyo. Tukapiga kwa simu yangu: ile ya katekista haipatikani. Tukapiga tena na tena. Baadaye tuliambiwa mvua iliangusha mtambo wao wa simu, siku ile ile, kwa muda mrefu.

Kasika alilala chali. "Yalifika?" akaniuliza.

"Yalifika."

"Umejuaje?"

Sikuweza kumdanganya. Nilimdanganya mambo mengi katika ndoa yetu, bei za vitenge, uzito wangu, lakini hilo lilinishinda. Nikasema, "Tutamuuliza."

Aliuliza tena mchana, na tena Philister alipomgeuza. "Yalifika?" Hakutaja Artigas, hakutaja Goma. Kesho yake asubuhi alifariki na Reine amemshika kidole, na neno la mwisho alilolitoa lilikuwa hilohilo. Mungu anisamehe, nilimkasirikia hata wakati huo, kwa kuniachia swali.

Tulimzika Anoka, karibu na mto, udongo mgumu kwa baridi mpaka mashine ya kuchimba ikalia. Mchungaji akasema "Baba Reine", na mimi nikapaza sauti mbele ya watu wote: "Baba Merveille!" Akarekebisha.

Tulipokuwa tunarudi kwenye magari simu yangu ikalia. Namba ya Uganda. Nilisimama kwenye theluji, watu wakanipita.

"Mama, mtambo ulianguka. Papa yuko wapi, kwake hakuingii?"

Sikujibu hilo kwanza. Roho ngumu gani ilinishika sijui. Nikamuuliza, "Ulimwona?"

"Nilimwona. Alijaza mashavu, nikaona matone yanakuja, yakajaa kwenye kioo chote, halafu giza. Mama, nilifumba macho. Wamama wakacheka, wakasema, mbona unajipangusa? Nilikuwa najipangusa uso kwa kitenge."

Nilimwambia basi, pale pale. Sitaandika alivyolia. Ntwali alimwoa mwezi wa sita, na kesi ikafa kama tulivyojua itakufa. Hakuja. Ana mtoto wa kiume anaitwa Kasika, na koti la zambarau nilimpa binti mmoja aliyefika kutoka kambi ya Nakivale, maana koti si la kutazamwa.

Lakini siku ile, kabla ya kupanda gari, niliwaambia wanisubiri. Philister akasema nitaganda, nikamwambia agande yeye. Nilirudi peke yangu mpaka pale walipokuwa wanamalizia udongo, nikamwomba yule mwenye koleo asimame kidogo. Nikainama nikamwambia Kasika yalifika, alijipangusa.