Khitma ya Aliye Hai

Kafuri ndiyo inayonirudisha. Nikiinusa popote, hujikuta nimesimama tena katika stoo ya nyumba yetu ya Darsait, mbele ya sanduku la makoti ya baridi, makoti ambayo Maskati hayana kazi. Mama aliyanunua mwishoni mwa miaka ya tisini, Baba alipotutangazia kwamba likizo ya katikati ya mwaka wa masomo tutakwenda Austria, kwenye milima ya Alpi. Akayatia kafuri yasiliwe na nondo. Bibi, mama yake Baba, alilinusa lake akalirudisha.

"Harufu ya maiti hii," alisema. "Ngojeni kwanza nife."

Alilianika roshani siku tatu ndipo akakubali kulijaribu.

Kabla sijakufikisheni mlimani, lazima mjue jambo moja. Baba alitoka Unguja akiwa na miaka kumi na tisa, kwenda kusoma Ulaya ya Mashariki. Barua zake, kwa mambo ya zama zile, hazikufika. Mwaka wa pili msafiri mmoja akaleta habari kwamba kijana wa Kizanzibari kafa kule kwa homa ya mapafu, na Bibi akaamini kuwa ni wake. Akakaa tanga, akamsomea khitma, majirani wakala wali wakaenda zao. Ilipita zaidi ya miaka miwili ndipo ikafika barua: yu hai. Walikuja kuonana Maskati, Baba akiwa ameshaota mvi mbili tatu, na habari ile hawakuizungumza kamwe. Walikuwa na adabu mno baina yao. Bibi alimwita "Bwana Saidi," kama anayemwita mwenye duka. Sisi watoto tulilijua jambo hili kama watoto wanavyoyajua mambo ya nyumbani, kwa kuona watu wazima wanaponyamaza.

Basi tukafika. Kijiji chenyewe kilinuka moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, na theluji ililia chini ya viatu kama wanga unaominywa mkononi. Bibi aliketi kwenye baraza ya mkahawa chini ya mteremko, kanga juu ya koti, mikono yote miwili imeshika kikombe cha maziwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Kaka yangu Khalfan, mwenye kumi na minne, alikuwa akimngojea kwa hamu Baba, aliyekwenda kukodi mbao za kutelezea juu ya theluji.

"Leo ataporomoka kama gunia la mchele," alininong'oneza.

"Mcheke babako," Mama akasema, "na wewe zamu yako inakuja."

Lakini hata Mama alikuwa akitabasamu. Baba tuliyemjua alikuwa mtu wa wizarani, kanzu yake haina kunyanzi, hajapata kukimbia hata mvua.

Mwenye duka la mbao hizo aliinama kumfungia viatu vyake vizito, akakuta Baba ameshavifunga mwenyewe. Baba akapanda kiti kinachovutwa kwa waya mpaka mlimani, akapotea juu. Kisha tukamwona mtu akishuka, magoti yamekunjwa, akiandika mistari mirefu thelujini, kushoto, kulia, pasi na haraka.

"Yule nani?" Bibi akauliza.

"Baba yule, Bibi."

"Siye. Mwanangu hajui mambo hayo."

Akaja kusimama mbele yetu, theluji ikaturukia. Khalfan alikuwa kinywa wazi. Bibi hakucheka.

"Nani kakufundisha?"

"Chuoni, mama. Wenzangu."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili," Bibi akasema, "nlikusomea khitma."

Mama alinishika bega. Baba akatazama chini.

"Nlikuwa nnaandika, mama. Kila mwezi."

"Nnajua. Hazikufika." Akaweka kikombe. "Ulikuwa ukicheka, kule?"

"Siku niliyoshuka bila kuanguka, nlicheka."

"Basi panda tena. Nikutazame."

Alipanda tena. Akashuka, akasimama, na Bibi akaashiria juu kwa kidevu. Akapanda. Ilipofika mara ya tano, Baba alikuwa akichechemea. Goti lake la kulia lilikuwa bovu tangu zamani. Niliona uonevu. Nikaenda kumwambia Bibi kwamba Baba anaumwa, amwambie basi.

"Mwache," alisema, macho hayatoki mlimani. "Miaka ile kila nkifumba macho nlikuwa nnamwona kalala. Mwache nimwone anakwenda."

Nilidhani anamwadhibu. Nilimkasirikia Bibi mpaka usiku wa kurudi Maskati. Ilinibidi niwe mtu mzima, na niende matanga yangu mwenyewe, ndipo nijue kwamba watu wetu wana utaratibu wa kila hatua ya kumuaga aliyekufa: nani anaosha, nani anasoma, siku ngapi, wali kiasi gani. Wa kumpokea mtu uliyekwisha kumlilia, akaja kutokea yu mzima, hakuna. Furaha ya barua haikufuta kilio, kwa kuwa kilio kilikwisha kuliwa chote, kikamalizwa. Bibi alikuwa akijitungia utaratibu wake pale barazani, mbele ya wageni wanaokula keki, na Baba alilielewa hilo, ndiyo maana hakulitaja goti.

Mara ya saba alipofika chini, Bibi aliinuka mwenyewe, akaenda polepole juu ya theluji, akamvua glavu, akamshika mikono.

"Ya moto," alisema.

Mimi nilidhani anaisifu glavu.