Nilikwenda Tabora Kupimwa Moyo Usioniuma

Niliondoka nyumbani nikiwa mzima wa afya. Hilo liliwashangaza majirani, na mimi mwenyewe lilinisumbua njia nzima. Nina miaka thelathini na sita, nafuga nyuki pembezoni mwa pori huko Usinge. Nachonga mizinga, naibeba begani, napanda nayo mtini. Mtu wa kazi hiyo akisema anakwenda kwa daktari wa moyo, watu humtazama mara mbili.

Chanzo kilikuwa panga. Mwezi wa nne nilijikata kiganja nikichonga mzinga, nikaenda zahanati kushonwa. Tabibu wetu, mama mmoja asiye na maneno mengi, alipomaliza kushona akaniwekea kifaa chake cha kusikilizia kifuani. Akakihamisha, akasikiliza tena.

"Ulipokuwa mdogo uliwahi kuvimba magoti?"

Niliwahi. Nikiwa darasa la tatu niliumwa koo na homa, kisha magoti yakavimba, mara hili mara lile, nikakaa nyumbani karibu muhula mzima. Mama alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikarudi shule.

"Huenda homa ile iliharibu mlango mmoja wa moyo," alisema. "Nasikia damu inavuma mahali isipotakiwa kuvuma. Nenda Tabora wakapige picha."

"Lakini mimi siumwi."

"Ndiyo maana nakwambia uende sasa."

Sikwenda. Kulikuwa na mavuno ya mahindi, kisha asali. Tangu siku ile, hata hivyo, sikuwa na raha. Mwezi wa nane tabibu akatuma ujumbe kwamba madaktari bingwa wa moyo watakuwa Tabora kwa juma moja. Mke wangu Yustina akaushusha mkoba toka juu ya kabati.

"Jumatatu tunaondoka," alisema. "Nikienda peke yangu nitawaambia nini, kwamba moyo nimeuacha nyumbani?"

Jumatatu alfajiri tulipanda basi Usinge. Vumbi la kiangazi lilikuwa limepaka miti yote rangi moja. Kaliua tulinunua karanga za kuchemsha. Kutoka hapo hadi Urambo nilihesabu mabani ya kukaushia tumbaku, maana nilitaka kushughulisha kichwa na jambo lolote lisilokuwa kifua changu. Tulipita Usoke, tukavuka mto Wala uliobaki na madimbwi tu, na saa nane mchana tukashuka Tabora.

Mtaani Gongoni tulipokelewa na Bi Mwajuma, mama wa mjini anayenunua asali yangu kila mwaka. Yustina alikuwa hamjui.

"Shikamoo, mama," Yustina alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni ndani. Huyu ndiye mgonjwa? Mbona ana mashavu kuliko mimi?" alisema akicheka.

Wakati wa chakula nilimweleza kila kitu. Nilitarajia acheke tena. Badala yake akatuambia kuhusu babu wa baba yake, aliyefika Tabora kutoka Manyema akiwa mpagazi wa misafara, mzigo kichwani.

"Baba alitusimulia kwamba kila kituo walishusha mizigo, wakakagua kamba, wakafunga upya. Hata kamba nzima ilikaguliwa. Ikikatikia porini, wewe na mzigo wako mmekwisha." Akamwongezea Yustina mboga. "Kula, mwanangu. Kesho foleni ni ndefu."

Jumanne saa moja asubuhi foleni ya hospitali ilikuwa tayari ndefu. Hapo ndipo nusura nirudi. Watu waliokaa kwenye yale mabenchi walikuwa wagonjwa kweli. Mbele yangu mzee mmoja alivua viatu kwa sababu miguu imejaa maji. Kulia kwangu aliketi mama wa makamo kutoka Nzega, ameegemea mto alioletewa na dada yake, akivuta pumzi kama aliyetoka kupanda kilima. Mimi nilikaa katikati yao na mikono yangu minene, nikaona aibu.

"Tuondoke," nilimnong'oneza Yustina. "Tuwaachie wenye shida."

Yule mama wa Nzega akasikia. Alizungumza kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Kaa, baba. Mimi niliambiwa... miaka mitatu iliyopita. Mlango unavuja, rudi kila baada ya miezi sita. Nilikuwa nalima ekari mbili za pamba mwenyewe. Nikaona, nirudi nikafanye nini?" Akafumba macho, akafumbua. "Sasa wanasema nipelekwe mbali kufanyiwa upasuaji. Na hawana uhakika kama nitauweza. Kaa."

Nikakaa. Sikumjua jina, wala sikupata kujua alivyoendelea, kwa maana yeye na dada yake waliitwa kabla yetu wakatokea mlango mwingine. Lakini sikuinuka tena mpaka nilipoitwa.

Daktari alikuwa mama mrefu mwenye miwani. Alinilaza kwa ubavu, akanipaka kitu cha baridi kifuani, akapitisha kifaa cha kupigia picha. Kwenye kioo cha mashine niliuona moyo wangu ukipiga. Akanionyesha mlango wa upande wa kushoto: ulipofunga, rangi kidogo ilichirizika kurudi nyuma.

"Hiyo ni damu inayorudi. Mlango haufungi vizuri. Moyo unafanya kazi ya ziada, lakini kwa sasa unaimudu, haujatanuka. Niambie, unachoka?"

"Hapana."

"Pumzi inakata ukipanda mti?"

"Hata kidogo."

"Daktari," Yustina akasema, "siku hizi njiani anasimama. Zamani alikuwa anatembea mpaka mizingani bila kusimama. Tangu mwezi wa nne anasimama mara tatu, mara nne."

Nilimtazama kwa hasira. Daktari akaweka kalamu chini, akanigeukia mimi.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Unasimama kwa sababu ya pumzi?"

Nilitaka kusema naangalia nyuki. Nikashindwa kusema uongo nikiwa kifua wazi.

"Nasimama kusikiliza," nilisema. "Naweka mkono hapa, nasikiliza kama moyo utasimama."

Yustina akashika mkono wangu. Kumbe miezi minne alidhani namficha ugonjwa, na mimi nilikuwa namficha woga.

Daktari hakunihurumia, na namshukuru kwa hilo. "Hatutabahatisha," alisema. Akanipandisha kwenye mashine yenye mkanda unaokimbia, nyaya zimebandikwa kifuani, muuguzi anapima presha, mkanda unazidi kasi na mwinuko. Nilitembea, nikakimbia, jasho likanitoka. Sikuishiwa pumzi, sikuona kizunguzungu. Aliposimamisha mashine alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sasa sote tunajua. Huna dalili, na leo huhitaji upasuaji. Lakini usiniambie huna ugonjwa. Unao."

Akanipa masharti, na Yustina akayaandika. Sindano ya kila mwezi katika zahanati yetu, ili homa ile ya utotoni isirudi kuharibu zaidi. Kipimo cha moyo kila baada ya miezi sita, nijisikie vibaya au vizuri. Jino langu bovu litibiwe, na kila anayegusa meno yangu aambiwe kwanza habari za moyo, kwa sababu uchafu wa kinywani huweza kusafiri kwa damu hadi kwenye mlango ulioharibika. Nikikosa pumzi nikilala chali, nikivimba miguu, moyo ukienda mbio bila sababu, nikizimia au homa ikinishika siku kadhaa, nisisubiri miezi sita itimie.

"Na kazi yangu?"

"Endelea. Mizigo mizito sana gawaneni. Ila acha kuusikiliza moyo njiani. Hiyo kazi ni yangu, mara mbili kwa mwaka tukija Tabora."

Jumatano nilitibiwa jino. Alhamisi Bi Mwajuma alitufungia vitumbua vya njiani, akatusindikiza hadi kituoni, na jioni tukawa Usinge. Kaka yangu Elias, aliyeangalia mizinga, alinisubiri uani.

"Wamesemaje? Umepona?"

"Sijapona."

"Basi unaumwa?"

"Siumwi pia. Nina mlango mbovu moyoni, wanauangalia, na mimi nauangalia."

Alinitazama kama nimezungumza Kichina. Nikamweleza tena, polepole, na ya mama wa Nzega nikamweleza pia. Alipoelewa alichukua mzinga mpya uliokuwa ukutani, akauweka begani mwake.

Safari ile ilinifundisha jambo moja gumu: kujisikia mzima si kipimo. Kwa mkulima au mfuga nyuki ni vigumu kuacha kazi ukapande basi siku nzima kwenda kuambiwa kwamba mambo yako vilevile. Nimekwenda tena mwezi wa pili. Mlango haukuwa umebadilika. Daktari aliniuliza kama kwenda na kurudi bure kunanichosha.

"Sijaja bure," nilimwambia. "Niandikie mwezi wa nane."