Madawati ya Mheshimiwa Hezron

Ambindwile alikuwa seremala pale Tukuyu, nyuma ya soko, na waliokwisha kukalia viti vyake hawakutaka vya mtu mwingine. Hilo alilijua vizuri, na ndilo lililomfanya ashindwe kuvumilia mafanikio ya Hezron.

Walijifunza useremala pamoja kwa fundi mmoja wa misheni, wakilala chumba kimoja miaka mitatu. Kazi ya Ambindwile mwalimu aliiinua wengine waione. Ya Hezron aliigeuza juu chini, akaguna, akamrudishia. Lakini Hezron alikuwa na mdomo. Mwaka tisini na nne watu wa kata yake wakamchagua kuwa diwani, na tangu hapo Ambindwile akawa anasikia jina la mwenzake kila aendako, kanisani, kilabuni, hata kwa mama yake mzazi, aliyemuuliza siku moja, bila ubaya wowote, "Na wewe mwanangu, ulikosea wapi?"

Swali lile alitembea nalo mwaka mzima.

Zilikuwa enzi za ruksa, na kazi nyingi zilizokuwa za karakana za serikali sasa zilipewa watu binafsi. Halmashauri ikatangaza zabuni ya madawati mia mbili ya shule za msingi. Ambindwile akaomba, akakosa. Ikaipata karakana mpya iliyoandikishwa kwa jina la mwanamke aitwaye Felista, ambaye mafundi wa mjini hawakumfahamu.

Madawati ya kwanza yalipofika shule ya Suma, Ambindwile alikwenda kuyatazama. Akainama chini ya moja, akapapasa maungio. Ulimi wa mbao unaoingia tunduni ulikuwa mnene upande mmoja, kosa lile lile la Hezron ambalo mwalimu wao alilikemea miaka mitatu bila mafanikio. Ndipo akakumbuka kwamba Felista ni jina la ubatizo la mke wa Hezron, ambaye mtaani wote walimwita Mama Anyelwisye.

Kanuni zilikuwa wazi. Diwani mwenye maslahi katika mkataba wa halmashauri, yawe yake au ya mkewe, alitakiwa ayatangaze kisha atoke kikaoni. Hezron hakusema neno. Alikaa, akanyoosha mkono kupitisha pamoja na wenzake.

Ambindwile akaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mkewe, Tulia, alimtazama akiandika, sahani ya ndizi ikipoa mbele yake.

"Baba Jotham, hiyo ni kwa ajili ya haki au kwa ajili ya Hezron?"

"Kuna tofauti gani?"

"Haki haimnyimi mtu hamu ya kula."

Akaifunga bahasha.

Mkurugenzi akawaita wote wawili. Ambindwile alijiandaa kwa ubishi, hata kipande cha mbao alikibeba kuwa ushahidi, lakini Hezron alikiri mara moja. Mkurugenzi akamwambia kwamba mkataba umevunjwa, na kwamba achague: akitaka zabuni za hapa aache udiwani, akitaka udiwani aache zabuni. Ambindwile alirudi nyumbani akala sahani mbili. Alikuwa na hakika kwamba Hezron hataachia kiti, maana nani huacha kuitwa mheshimiwa?

Hezron akakiachia. Wiki ile ile aliwasilisha barua ya kujiuzulu, akatundika barabarani kibao chenye jina lake mwenyewe, na zabuni ilipotangazwa upya akaomba kama mtu mwingine yeyote. Bahasha zilifunguliwa mbele ya watu. Bei ya Hezron, mwenye msumeno wa mashine, ilikuwa chini kuliko zote. Akashinda kihalali, na watu wakampongeza kwa uungwana.

Sasa Ambindwile hakuwa na pa kushtaki. Wivu wake ulikuwa umevaa joho la sheria. Joho limevuliwa, umebaki uchi, na yeye mwenyewe alikuwa akiuona.

Mwezi haujaisha, Hezron akasimama mlangoni pa karakana ya Ambindwile. Ambindwile alitamani atukanwe.

"Nkamu," Hezron alimwita kwa Kinyakyusa, kama ndugu, "kazi imenizidi. Chukua madawati sitini, utengeneze wewe."

"Unanihurumia?"

"Nimezidiwa, nimekwambia. Na fundi mzuri kukupita wewe simjui."

Maneno aliyoyangoja miaka yote yalikuja kwa mdomo wa mtu yule yule ambaye hakutaka kuyasikia kwake. Ambindwile alichukua kazi ile kwa sababu mwanawe Jotham alikuwa anaingia sekondari. Aliifanya polepole kuliko malipo yake yalivyostahili, akipiga randa hata sehemu ambazo mtoto asingezigusa.

Akayapeleka mwenyewe shule moja ya Isongole. Mwalimu mkuu alipitisha kiganja juu ya dawati, akaliinamia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kweli Hezron ni fundi," alisema.

"Ndiyo," Ambindwile akaitikia, akapanda garini kushusha linalofuata.