Chale za Mchimba Kisima

Mchimbaji wa kisima cha Devota kule Nzuguni hana haraka. Kila akipiga sururu mara tatu, huokota konzi ya udongo, huisogeza sikioni na kuisugua taratibu kwa kidole gumba kilichopasuka. Akiridhika, hujaza ndoo na kutikisa kamba ivutwe. Maneno hana, salamu huiitikia kwa kukohoa. Juu ya kila kifundo cha mkono ana chale mbili za wembe, nyeusi tii.

Alhamisi, akiwa futi ishirini na tano chini, alisugua udongo, akausugua tena, akaacha sururu palepale na kupanda kamba. Hajamaliza kukung'uta suruali, ukuta wa kisima ukaporomoka.

"Machale!" wavuta kamba wakapiga kelele. "Mzee machale yamemcheza!"

Devota alimpelekea maji, macho yakiwa kwenye zile chale. "Kumbe ndizo hizo, mzee wangu?"

"Ndizo. Neno lenyewe limetoka hapa. Unachanjwa, unapakwa dawa. Hatari ikisogea, chale zinacheza, unajua kabla hujaona."

"Na leo zimecheza?"

Alikunywa maji yote kwanza. "Mimi na mdogo wangu tulichanjwa siku moja, wembe mmoja, dawa moja. Yuko kisimani kule Mkonze mpaka leo, futi arobaini chini. Hatukuweza kumtoa."

Kisha akainama, akachota konzi ya udongo kwenye lundo lililotolewa kisimani, akamtilia Devota kiganjani.

"Udongo unaotaka kuanguka hulia," alisema. "Weka sikioni."