Nauli ya Antoine

Hortense alikuwa jirani yangu katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ukuta kwa ukuta, na mpaka leo nina hasira kwa jambo alilofanyiwa. Wapo wanaoniambia, Germaine, hayo ni ya zamani, yaache. Sitaki kuyaacha.

Yeye na mumewe Antoine walikuwa watu wa jimbo la Kasai. Antoine alikuja Lubumbashi angali kijana, siku ambazo Wazungu waliuita mji huu Elisabethville, akashuka mgodini kuchimba shaba mpaka kifua kikamshinda. Kampuni ikampumzisha, wakatoka kambi ya wafanyakazi, wakapata nyumba ya vyumba viwili kando ya yangu. Mungu hakuwapa mtoto. Walikuwa wawili tu, na utani wao. Antoine akimwona mkewe anapiga pasi alisema, "Muangalie, anafikiri iko bibi ya gouverneur." Hortense alimjibu kwamba mke wa gavana haoshi mwanaume anayekohoa kama lori bovu. Antoine ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka kikohozi kimkamate.

Mtu huyo hakuweza kulala chali. Usiku kucha alikaa kitini, mto mgongoni, na taa ikiwaka. Siku moja huko chini mgodini mwamba uliporomoka, yeye na wenzake wakakaa gizani muda mrefu kabla hawajafikiwa. Tangu hapo, taa ikizimika pumzi zilimpotea. Mtaa mzima tulilijua hilo. Ukimzimia Antoine taa, ni sawa na kumziba pua.

Kisha jimbo letu la Katanga likajitenga na Kongo, na maneno juu ya watu wa Kasai yakaanza. Mtu uliyekuwa unamkopesha chumvi jana, leo anakuita mgeni. Wengi walifunga mizigo wakapanda treni kurudi kwao. Antoine naye alikuwa na ombi moja tu lililobaki katika maisha yake: afike Mwene-Ditu akiwa hai, afe kwao, azikwe karibu na mama yake. Hortense akafua nguo za watu mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, akauza vitenge vyake vizuri, na hatimaye nauli ya wawili ikatimia. Aliishonea ndani ya mto ule ambao Antoine aliuegemea. Walikuwa waondoke juma linalofuata.

Ndipo mtu mmoja wa kofia akaja, mchana kweupe. Mimi nilikuwa sokoni. Haya alinieleza Hortense mwenyewe jioni ile. Mtu yule alivaa kaki iliyonyooshwa vizuri, kofia yenye ukingo mweusi, mfuko wa ngozi begani, na mkononi koleo la kukatia waya.

Msiniulize kwa nini alimfungulia. Anayeuliza hivyo hakulelewa kambini. Kule kambi ya kampuni hakuna aliyelipia taa wala maji. Vilikuja pamoja na kazi, kama nyumba na posho. Na mtu wa kofia, yaani msimamizi wa kampuni, aliingia kwako wakati wowote alipotaka, kuona kama umefagia, kama umeficha mgeni. Ulisimama kando, ukasema, "Ndiyo, bwana." Ukimbishia, mumeo ndiye atakayeulizwa kazini. Hortense aliishi hivyo tangu alipoolewa. Walipohamia Kenya, ni Antoine aliyekwenda mjini kulipia taa kwenye dirisha la ofisi, wakati miguu ilikuwa bado inambeba. Mkewe alijua tu kwamba siku hizi taa inalipiwa.

"Mama, courant yenu inakatwa leo," mtu yule alisema, akiuonyesha waya wa umeme.

"Tulilipa, bwana. Resu iko." Akamletea risiti.

Hakuitazama hata kidogo. "Hii ni ya serikali ya zamani. Sasa Katanga iko na serikali yake na feza yake. Resu ya zamani haina kazi. Munalipa tena yote, ao minakata."

"Basi nitaenda kuuliza ku bureau, bwana. Kesho asubuhi."

Mtu akacheka polepole. "Enda, mama. Batakuuliza kwenu ni wapi. Utabajibu nini?"

Hapo ndipo alipomkamata. Siku zile mtu wa Kasai hakuwa na hamu ya kuulizwa kwao ni wapi, tena ofisini, tena mbele ya maaskari. Na mwizi yule, kabla Hortense hajafungua mdomo, alikwisha kuinua koleo juu ya mlango, kwenye waya.

"Hortense, ni nani?" Antoine aliita kutoka ndani.

"Hakuna kitu."

Hortense akaingia, akauvuta mto taratibu nyuma ya mgongo wa mumewe.

"Unafanya nini?"

"Nakutengenezea muto muzuri."

Mtu wa kofia alipokea nauli yote, akasema risiti italetwa, akaenda zake. Ningekuwapo ningemfukuza kwa mwiko wa ugali. Ndivyo ninavyopenda kusema. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa reli, na mimi pia nililelewa kambini, kwa hiyo labda ningesema tu, "Ndiyo, bwana."

Siku chache baadaye akaja André, msomaji wa mita wa kweli, kijana mpole tuliyemfahamu. Hortense akamwomba ile risiti. Nilikuwapo safari hii. André alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavua kofia yake.

"Mama, siye hatupokeake feza ku nyumba. Hata siku moja. Mimi nasoma namba, naenda. Feza ni ku guichet tu, ku dirisha ya bureau, na resu unapewa palepale. Muntu akikuambia anakata leo leo, umuulize jina na karte ya kazi. Ufunge mulango, uite bajirani."

"Na resu yetu ya zamani?"

"Iko muzuri. Hamukuwa na deni."

Alituambia pia kwamba mtu yule alikwisha kupita nyumba nyingi, na zote ni za watu wa Kasai. Alizichagua. Alijua hawatathubutu kwenda kushtaki. Jambo hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba alikaa mahali akalifikiria. Hortense alisema tu, "Basi ningeenda kuuliza," akarudi kwenye beseni lake.

Antoine hakuambiwa. Kila siku aliuliza safari ni lini, na kila siku mkewe alimjibu kwamba treni zimechelewa. Akaanza upya kuweka akiba, lakini watu waliogopa sasa kuonekana wakimpa kazi mtu wa Kasai. Sisi majirani tulichanga, ikawa haifiki mbali.

Halafu nyumba zao zikaanza kupigwa mawe, na watu wa Kasai, maelfu kwa maelfu, wakakimbilia kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Antoine tulimpakia kwenye mkokoteni, mimi na mume wangu tukisukuma, Hortense akimshika bega. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Uso wake ulikuwa na furaha.

"Sasa njo tunaenda ku gare, ku treni?" aliuliza.

"Ndiyo," Hortense alisema. "Ku gare."

Alifia kule kambini, ndani ya hema, mvua zilipoanza. Taa haikuwapo. Hortense alinieleza kwamba alimshika uso kwa mikono miwili, akamwita jina mpaka mwisho. Nililia kwa sauti, sioni aibu kulisema. Alizikwa hukuhuku, mbali na mama yake.

Baadaye zikapangwa treni za kuwarudisha watu wa Kasai kwao, bila kulipa kitu. Bila kulipa kitu! Nilimsindikiza Hortense stesheni. Alibeba sufuria mbili, blanketi, na kitambaa kidogo alichokifunga ndani ya nguo, karibu na tumbo. Ndani yake mlikuwa na nywele na kucha za Antoine, kama desturi inavyotaka kwa mtu aliyefia ugenini, ili ndugu zake wapate kitu cha kuzika.

Alipanda, akakaa dirishani. Nilimpa mkate. Hakuushika, alinishika mkono.

"Yaya Germaine, dada yangu, bandugu yake bataniuliza sababu gani sikumuleta muzima. Feza ya njia tulikuwa nayo, bo benyewe banajua, alibaandikia. Nitabaambia nini? Nibaambie nililipia taa?"

Nilimpitishia mkate dirishani, nikauweka mapajani mwake, na treni ikaanza kwenda.