Kobla Ishirini na Nne za Embe

Siku ya kwanza kuingia jikoni mwa hoteli ya wageni pale Tabora, karibu na stesheni, nilivaa kanzu ya kuazima iliyopita visigino. Nikaikanyaga, nikamwaga sufuria nzima ya supu. Mpishi Mkuu, Mmanyema mmoja asiyecheka na mtu, akaniambia, "Wewe kijana wa Goweko, anza na kuosha masufuria. Ukiyajua, ndipo utayatumia kupikia." Nikayaosha miaka mitatu. Ninyi mnaopewa cheti kwa miezi sita, hesabuni wenyewe.

Baadaye nikapandishwa kuwa mpishi wa pili, mwenye zamu ya unga na pudini, yaani vitamu vya kumalizia chakula. Mke wa Meneja, tuliyemwita Memsahib, ndiye aliyenifundisha kobla: matunda yenye sukari chini, donge laini la unga na siagi juu, kisha tanuri. Tanuri letu lilikuwa la kuni, halina kipimo. Nilitia mkono ndani nikihesabu. Nikifika kumi kabla ya kuutoa, moto ni wa kobla. Nikiutoa kwenye tano, ni wa kuunguza. Tunda letu lilikuwa embe, maana joto la kabla ya mvua ndilo lililoleta maembe, na ndilo lililowatoa Wazungu hamu ya vyakula vizito.

Msimu mmoja Bwana Mkubwa wa Jimbo akaalikwa chakula cha mchana, yeye na wenzake, jumla ishirini na wanne. Memsahib akaagiza kila mgeni aokewe kobla yake. Nikaona aibu. Kwetu chakula cha peke yako unapewa ukiwa mgonjwa, au ukiwa umenuniwa. Nikasema moyoni, mama huyu asije akaaibika mbele ya wageni. Nikaoka moja kubwa kwenye sinia, nikaipamba, nikajipongeza.

Memsahib alipoiona, saa nne asubuhi, uso ulimwiva. "Mimi nilisema nini?"

"Ulisema kila mtu na yake, Memsahib. Kwani wageni wamegombana?"

Meneja alikuwa mlangoni. "Wageni wanakula saa saba. Ukishindwa, huna kazi. Kesho uondoke na nyumba ya hoteli uiache."

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na shamba la marehemu baba kaka zangu walikwisha kugawana. Mpishi Mkuu akanishika bega. "Kulia utalia kesho, nami nitakusaidia. Sasa menya maembe!"

Vibakuli havikutosha, nikachukua vikombe vya bati vya chai. Maembe yaliyobaki yalikuwa yameiva mno, na embe la namna hiyo likiokwa hutoa maji, unga ukazama. Nikayachemsha kwanza na asali ya porini mpaka yakawa mazito. Nikajaza kila kikombe nusu, nikaweka donge juu bila kulibana, ili mvuke upate pa kutokea. Tanuri lilichukua kumi na viwili tu, kwa hiyo nilioka mara mbili, mkono wangu ukibabuka. Saa saba vyote vilikuwa vimeumuka, rangi ya dhahabu.

Tulisikiliza mlangoni. Mazungumzo yalikatika, ikabaki milio ya vijiko vikikwangua bati. Meneja akaingia jikoni. "Bwana Mkubwa anauliza nani kaoka."

Mpishi Mkuu angeweza kunyamaza. "Ni huyu," akasema, akanisukuma mbele.

Kazi haikunitoka, na miaka michache baadaye nilipelekwa Igunga kuongoza jiko la nyumba ya wageni wa Serikali, kisha nikarudi Tabora nikiwa Mpishi Mkuu mwenyewe. Nilipostaafu nilipewa saa ya mkononi na hotuba ndefu. Vijana huniuliza kama hiyo ndiyo siku niliyojivunia kuliko zote. Hapana.

Ni jioni ile ya vikombe. Habari mbaya zilinitangulia nyumbani. Mke wangu alikuwa ameketi kizingitini, mtoto mgongoni, mkeka na vyombo vyote vimefungwa kamba.

"Fungua mzigo," nikamwambia. "Hatuendi popote."

Akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka.