Mke wa Mtafuta Nuru

Katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu wenzake walimwita Bi Pasi, na jina likamkaa kama nguo ya kushonewa. Kazi yake ilikuwa kulisha mashuka kwenye pasi kubwa ya roli, yeye ncha hii, mwenzake ncha ile. Shuka linaingia limejikunyata, linatoka limenyooka, na kabla hujapumua jingine limeshafika. Mvuke unapanda, jasho linashuka. Mwenzake huyo alikuwa mama mnene mcheshi waliyembandika jina la Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Haya shoga," Redio alizoea kumwuliza, "yule bwana wako wa nuru, keshaiona, au huko kwao umeme bado haujafika?"

Bi Pasi alicheka. Miaka ya kwanza alicheka kwa kujikaza, baadaye kwa mazoea, na siku hizi alicheka kwa sababu kucheka kulimpunguzia kazi ya kujibu.

Mambo yalianzia mbali. Baba mkwe wake alikuwa mwalimu wa fasihi, na kabla ya kustaafu alisomesha riwaya moja mashuhuri miaka nenda miaka rudi. Ilikuwa kisa cha kijana wa nyumba ya kitajiri aliyeacha kila kitu akatoka kwenda kutafuta nuru ya roho. Alihama kutoka kwa mlezi huyu hadi yule, akafunga, akanyamaza, akapotea njia akairudia, mpaka mwisho akaketi juu ya mlima, moyo wake umetulia tuli. Wanafunzi waliisoma ili wafaulu mtihani, wakaisahau. Mmoja tu aliisoma akaiamini, naye alikuwa mwana wa pekee wa Mwalimu mwenyewe. Aliibeba kifuani tangu shuleni, akaajiriwa nayo kwenye ofisi ya bima, akaoa nayo. Asubuhi moja, mtu mzima na ndevu zake, alimwambia mkewe kuwa anakwenda kwenye nyumba ya sala huko milimani.

"Wiki chache tu," alisema. "Nikatulize moyo."

Wiki zikazaa miezi, miezi ikazaa miaka.

Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo watu walimshauri Bi Pasi afungashe vyake aondoke. Dada yake ndiye aliyesema wazi zaidi, kwenye simu: "Unasubiri nini mdogo wangu? Umeolewa na kiti kitupu." Ila katika nyumba ile alikuwamo Mwalimu, mjane, na macho ya Mwalimu yalikuwa yanazimika. Kwanza yalikataa maandishi madogo, kisha nyuso za watu, kisha mlango. Mtu akihama, nani atamwambia mzee kikombe kiko upande gani? Akabaki. Si kwamba alikata shauri kubaki. Kila siku ilikuwa na chakula cha kupika na nguo za kuanua, na hakukuwa na siku iliyobaki wazi ya kuondokea.

Mambo ya bafuni yalikuwa na mtu wake. Fundi viatu wa nyumba ya jirani, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu, alikuja kila asubuhi kumsaidia kuoga, maana mzee aliona haya kushikwa na mke wa mwanawe, na mke wa mwanawe aliona haya zaidi. Jioni ilikuwa zamu ya Bi Pasi. Alirudi kazini mikono imevimba kwa joto, akaketi kwenye stuli karibu na dirisha, akamsomea mzee. Na mzee, ambaye rafu yake ilikuwa imejaa vitabu, alitaka kimoja tu.

"Ile yetu, mwanangu," angesema, kwa haya kidogo, kama mtu anayeomba sukari ya pili.

Bi Pasi akaisoma. Alipoimaliza, mzee aliomba waianze tena. Lugha yake ilikuwa tamu kweli, hilo hakulikana; lakini siku nyingine macho yalimfumba kwa usingizi, akaruka ukurasa, hata kurasa mbili, kijana akafika mlimani bila kupanda. Mzee aliijua riwaya nzima kwa moyo. Alisikia uchovu kwenye sauti ya mkwe wake na akamwacha apite njia ya mkato.

Jioni moja, wakiwa kwenye sura ile kijana anapoaga nyumbani kwao, Bi Pasi alisimama katikati ya sentensi.

"Baba, nikuulize. Huyu kijana, mama yake yuko wapi?"

"Ametajwa mwanzoni. Pale anapomshonea kanzu."

"Halafu?"

Mwalimu alifikiri. Alipekua kurasa kichwani mwake, moja moja. "Halafu hatajwi tena," alisema.

"Na yule mchumba aliyemwacha?"

"Anamlilia. Mstari mmoja hivi."

"Sasa kanzu ilipochafuka huko njiani, ilifuliwa na nani?"

Mzee alitabasamu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, nimesomesha kitabu hiki maisha yangu yote na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali hilo. Unajua wahenga walisema, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata."

"Basi mimi nimechoka, baba, na sijapata kitu," Bi Pasi alisema. Hakuwa na hasira. Alifunga kitabu, akaenda kutazama chungu chake jikoni.

Mzee alibaki dirishani amekunja mikono. Siku iliyofuata hakuomba riwaya. Alisema leo wazungumze tu, wakaishia kusikiliza watu wakipita barabarani.

Ndipo fundi viatu alipopata msiba kwao, akasafiri. Asubuhi ya kwanza Mwalimu alisema hajisikii kuoga. Ya pili akasema kuna baridi. Ya tatu, Bi Pasi alipokwisha kutoka kwenda kazini, mzee alijipapasia mwenyewe mpaka bafuni, akateleza kwenye sabuni, akavunjika nyonga. Majirani walisikia kelele, wakavunja komeo, wakampeleka hospitali. Bi Pasi aliitwa kutoka kwenye mashine, aproni bado imemganda mwilini. Alimkuta wodini amelazwa kwenye shuka ambalo huenda yeye na Redio walilinyoosha juzi. Mzee alikuwa akiomba radhi. Alimwomba radhi daktari, akamwomba radhi muuguzi, akamwomba radhi hata mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Nimekuongezea kazi," alimwambia mkwewe.

"Nyamaza baba, upumzike."

Akatoka nje kwenye korido, akapiga simu kwenye nyumba ya sala. Namba aliipata zamani na hakuwahi kuitumia. Aliyepokea alikuwa na sauti laini kama pamba.

"Samahani mama, ndugu yetu yumo kwenye kipindi cha ukimya. Haruhusiwi kuzungumza na mtu."

"Kusikia anaruhusiwa?"

"Kusikia... ndiyo, mama."

"Basi mwambieni baba yake amevunjika nyonga. Akimaliza kunyamaza, aje."

Alikuja wiki hiyohiyo. Bi Pasi alimwona tokea mbali kwenye korido ya wodi, akampita kwa macho kama unavyompita mgeni wa watu, kisha macho yakarudi yenyewe. Alikuwa amekonda, kichwa amenyoa, ndala miguuni. Zile ndevu zilikuwa na mvi. Alikuwa na namna ya kutembea polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na wauguzi walilazimika kumzunguka.

"Mke wangu," alisema.

"Baba yuko kitanda cha mwisho," Bi Pasi alijibu. "Ongea kwanza ndipo umshike, usimshtue. Haoni."

Mzee aliisikia sauti, akanyoosha mikono, akaupapasa uso wa mwanawe tangu paji hadi kidevu, akarudia.

"Umeipata, mwanangu?"

"Sijui, baba. Kuna asubuhi nilidhani nimeipata. Jua likipanda, inakuwa imeondoka."

"Kha!" Mzee alisema, na machozi yakamtoka. "Na mimi nilikuwa nawafundisha watu kwamba mtu akiipata inakaa."

Waliporudi nyumbani, mzee hakuweza tena kusimama. Bi Pasi alimpa mumewe ndoo, taulo na sabuni, akamwonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa kwa kutumia shuka lililokunjwa, kama alivyoonyeshwa yeye na wauguzi. Siku za mwanzo mtu mzima huyo alilowesha godoro, akamwaga uji, akasahau dawa. Kule milimani alifunzwa kukaa bila kusogea tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hapa alitakiwa asogee kabla hajaketi. Bi Pasi alimtazama, hakumcheka, hakumsaidia. Alikwenda zake kazini.

"Amerudi?" Redio alipiga ukelele uliowageuza watu wote chumbani. "Na wewe umemfanya nini? Mimi ningemtia humu kwenye roli, atoke amenyooka!"

"Nimempa ndoo."

Redio alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akakosa neno. Wakaendelea kulisha mashuka.

Mazungumzo yenyewe, yale ambayo Bi Pasi alikuwa ameyatunga kichwani mwaka baada ya mwaka, yalikuja siku ya Jumapili jikoni, yeye akiosha vyombo, mumewe akivifuta.

"Kule nilijifunza kukaa kimya," mumewe alianza.

"Ungejifunza hapahapa. Mimi nimekaa kimya muda wote huo, nilikosa wa kuzungumza naye."

Mumewe aliinamisha kichwa. Sahani aliyoishika ilikuwa kavu zamani, lakini aliendelea kuifuta. "Nilikukosea. Nilijiambia ninaacha dunia, kumbe nilikuacha wewe tu. Dunia nilikuwa nayo kulekule. Nisamehe."

Bi Pasi aliitafuta hasira yake. Alikuwa na hakika ipo. Alikuwa akiilea kama kuku wa mayai. Ila alipoinyooshea mkono hakuikuta, alikuta uchovu tu, umetandaa mahali pote. Alitamani hata apasue sahani moja, apate kusikia kitu. Akaisuuza, akampa.

"Nibaki?" mumewe aliuliza.

"Baki kwa ajili ya baba yako. Habari yangu mimi usiniulize leo. Nimesimama tangu asubuhi."

Akabaki. Alilala chumbani kwa mzee, kwenye mkeka, na mchana aliwafundisha hesabu watoto wa mtaa apate chochote cha sabuni na dawa. Polepole mikono yake ikajua kazi. Alijua mzee anataka maji kabla hajayaomba. Jioni ni yeye aliyesoma sasa, kwa sauti nzuri kuliko ya mkewe, na hakuruka ukurasa hata mmoja. Siku moja Mwalimu alimkatiza.

"Hapo sasa, ruka."

"Kwa nini baba? Si ndipo anapopanda mlima?"

"Ndiyo. Mkeo alikuwa akiparuka hapo. Nimepazoea vile."

Bi Pasi aliyasikia hayo akiwa uani anaanua nguo. Akasimama na shati la mzee mkononi, akacheka peke yake, kicheko cha kweli, mpaka akajifuta macho kwa shati lenyewe.

Wakati huo ulikuwa mzuri, kwa kadiri ulivyoweza. Mke na mume walizungumza kama watu wa zamu moja: mzee kalala vipi, gesi imebaki kiasi gani, nani apite dukani. Mara moja mumewe alimshika mkono mezani, naye hakuuondoa. Hakuushika pia.

Mwalimu alikufa msimu wa mvua, mchana, mwanawe akimkata kucha. Alikuwa katikati ya kumsimulia habari ya mwanafunzi mtukutu wa zamani. Akanyamaza, na mwanawe akadhani anatafuta jina. Mazishi yalijaa wanafunzi wake, wengine na vipara, na fundi viatu alilia kuliko wote.

Baada ya wiki kadhaa mumewe aliketi naye sebuleni. Hakuzunguka.

"Moyo wangu unarudi kule," alisema. "Safari hii sikimbii. Njoo twende wote. Wanapokea watu na wake zao."

"Huko mimi sikupoteza kitu," Bi Pasi alimjibu, "nitatafuta nini?"

"Utakuwa na hasira na mimi?"

Alifikiri kwa haki, maana lilikuwa swali la haki. "Hapana. Ulimwosha baba yako vizuri. Lakini nami usinihesabu kuwa nakusubiri. Hilo limekwisha."

Mumewe alilia kidogo. Asubuhi aliondoka, na mara hii alipeana mkono na jirani mmoja mmoja. Bi Pasi alimsindikiza mpaka kwenye kona ya barabara, akarudi, akafungua madirisha ya chumba cha mzee, akatoa godoro nje juani.

Kazini aliomba likizo yake, ile ya miaka iliyolimbikizana bila kuchukuliwa. Mkuu wa idara alishangaa, akadhani anaumwa. Redio alimbebea begi mpaka kituoni, akizungumza njia nzima, na basi lilipoanza kuondoka bado alikuwa hajamaliza.

Dada yake alimpa chumba cha nyuma, chenye kitanda chembamba na pazia la kijani. Bi Pasi alisema atajinyoosha kidogo kabla ya chakula. Dada akapika, akapakua, akaja kumwita. Akamkuta amelala chali, viatu miguuni, mdomo wazi kama mtoto.

"Mdogo wangu, chakula."

"Mm."

"Kitapoa."

"Kipoe," alisema, bila kufungua macho.

Dada akamvua viatu, kimoja, kisha cha pili, akavipanga chini ya kitanda, akaurudisha mlango.